Daftari la maabara ya biolojia mwaka wa kwanza: mwongozo kamili, kuanzia kaunta buku hadi sahihi ya mwisho

"Haya maji mmechota wapi?"

Tulikuwa watatu, mwaka wa kwanza, na mbele yetu testi tyubu 15 zenye vipande vya viazi mbatata. Mzee wa maabara, ambaye tulimwamkia kabla hata ya kuvaa makoti, alikuwa ameinamia jedwali letu akitazama mstari wa kwanza. Vipande vitatu vilivyokaa kwenye maji matupu vilitakiwa kuongezeka uzito kwa viwango vinavyokaribiana. Cha kwanza kilikuwa kimeongezeka asilimia 9, cha pili 8, cha tatu 4. Mwenzangu alishaanza kuninong'oneza kwamba ile 4 tuisukume kidogo iwe 8, nani atajua.

"Bombani, mzee," nikajibu. Kisha nikakumbuka kwamba tulianza na maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi), yakaisha katikati, ndipo mmoja wetu akakimbilia bombani. Siku hiyo maji ya mjini yalikuwa yamekatika na bomba lilikuwa linatoa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na bahari, vina chumvi. Zoezi lenyewe lilikuwa la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea kuliko na chumvi au sukari nyingi, kwa hiyo chumvi ya kisima inavuruga matokeo. Sasa testi tyubu ipi ilipata maji yapi? Madaftari yetu matatu yote yaliandika neno moja tu: maji. Jumamosi tukarudia kazi yote tangu kumenya viazi.

Baadaye nilikaa upande wa pili wa meza, nikawa nasahihisha madaftari ya wengine. Hesabu mbovu zipo, michoro ya ajabu ipo, lakini ninachokutana nacho zaidi ni hilo neno "maji" na ndugu zake: "tuliweka iodini kidogo", "tukasubiri", "rangi ikabadilika". Daftari la maabara anaandikiwa mtu ambaye hakuwepo. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu, au ni wewe mwenyewe wiki tatu baadaye, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya ripoti.

Jambo moja kabla sijaanza. Maabara nyingi za hapa zinafundisha kwa Kiingereza, na daftari lako huenda likadaiwa kwa Kiingereza. Hatua ni zilezile. Nitarudi kwenye suala la lugha mbele, kwa sababu nina ugomvi nalo mdogo.

Hatua ya 1: Nunua daftari lisilochanika kimyakimya

Chukua kaunta buku lenye jalada gumu, ukubwa wa A4. La kwaya mbili lina kurasa 192, na kwa kozi ya utangulizi linatosha mwaka mzima usipoandika herufi kubwa kama za bango la duka. Kariakoo utalipata kwa bei nafuu kuliko kwenye stesheneri iliyo getini kwa chuo, ila ukihesabu nauli ya kwenda na kurudi faida yenyewe ni ndogo, labda kama mnanunulia darasa zima.

Achana na madaftari ya waya. Karatasi ikichomolewa kwenye waya haiachi dalili yoyote, na daftari la maabara linaaminika kwa sababu huwezi kuondoa ukurasa bila kuonekana. Karatasi moja moja ndizo mbaya kuliko zote.

Siku hiyohiyo uliyolinunua, kabla hujaandika chochote, weka namba kwenye kila ukurasa, mbele na nyuma. Inachosha, lakini weka redio, dakika kumi na tano zimeisha. Kurasa tatu za mwanzo ziache kwa ajili ya yaliyomo: tarehe, jina la zoezi, ukurasa. Ndani ya jalada andika jina lako, kozi, kundi lako la maabara na namba ya simu, maana madaftari husahaulika kwenye daladala kila siku. Ukurasa wa mwisho uwe wa vifupisho vyako. Ukiamua kwamba MK ni maji yaliyokenekwa na MB ni maji ya bomba, iandike pale na usiibadilishe.

Kuhusu peni: tumia peni ya kawaida ya wino mzito, si ya jeli. Hili nililijua kwa gharama. Masika ya mwaka wangu wa kwanza, Jangwani, hapa Dar, palijaa maji kama kawaida yake, daladala likageuza, nikatembea na mkoba kichwani kama nusu saa. Nilipofika, kurasa nilizoandika kwa jeli zilikuwa zimegeuka mawingu ya buluu. Michoro ya penseli haikuguswa. Ukitaka kuijua peni yako, andika mistari miwili kwenye karatasi, acha ikauke, kisha dondoshea maji.

Tipeksi iache nyumbani.

Hatua ya 2: Fanya nusu ya kazi usiku kabla ya maabara

Mwanafunzi anayeingia maabara na ukurasa mtupu atatumia saa nzima ya kwanza kunakili maelekezo, na wenzake watakuwa wameshaanza kupima. Usiku uliotangulia andika haya:

Kichwa cha zoezi na tarehe kamili, pamoja na mwaka. Swali mnalojaribu kulijibu, kwa sentensi moja, na liwe swali kweli: "Uzito wa kipande cha kiazi unabadilikaje kikikaa kwenye myeyusho wa sukari wenye ukolezi tofauti?" Kisha nadharia tete yako, yaani jibu unalolitarajia, pamoja na sababu yake. "Nadhani vitapungua" ni kubahatisha. "Nadhani vitapungua kwenye myeyusho mkali, kwa sababu maji yatatoka ndani ya seli kwenda nje kuliko na sukari nyingi" ndiyo nadharia tete, kwa sababu mtu anaweza kukubishia.

Taja unachobadilisha, unachopima, na unavyoshikilia visibadilike. Taja pia kidhibiti chako, yaani kile kipimo kisicho na kitu unachokichunguza. Kwenye zoezi la viazi, kidhibiti ni yale maji matupu. Ndiyo maana yale maji ya kisima yalituharibia kila kitu: tuliharibu fimbo ambayo vipimo vingine vyote vilipimwa kwayo.

Maelekezo ya kazi usiyanakili yote. Andika "Mwongozo wa kozi, uk. 22, hatua 1–9", kisha hatua kwa maneno yako, fupi fupi, ukiacha nafasi upande wa kulia. Nafasi hiyo ni ya kesho, pale mtakapofanya tofauti na ilivyoandikwa, na mtafanya tofauti tu.

Hesabu za myeyusho zifanye usiku huo, na zionekane. Sukari ya mezani ina uzito wa gramu 342.3 kwa moli (kipimo cha wingi wa chembe). Ukihitaji mililita 250 za myeyusho wa moli 1 kwa lita, ni 342.3 × 0.25 = gramu 85.6. Kutoka kwenye huo unatengeneza myepesi: kwa mililita 100 za 0.2, chukua mililita 20 za myeyusho mkali kisha ongeza maji mpaka ifike alama ya 100. Soma tena hapo: *mpaka ifike* 100. Kila mwaka kuna anayechukua 20 akamimina maji 100 juu yake. Kama hesabu iko daftarini, mwalimu anaona kosa lilipoingia na anakupa alama za sehemu iliyobaki. Kama hakuna hesabu, anaona jibu bovu tu.

Mwisho chora jedwali tupu, kwa rula, lenye vichwa na vipimo juu ya kila safu. Kuchora jedwali mapema kunakulazimisha kujua utapima nini na mara ngapi. Ukishindwa kulichora, hujalielewa zoezi, na ni heri kuligundua hilo saa nne usiku hosteli kuliko saa nne asubuhi maabarani.

Hatua ya 3: Andika jambo linapotokea

Shuleni tulizoeshwa kuwa na rafu na safi: unaandika ovyo kwenye karatasi, jioni unahamishia kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Maabarani tabia hiyo iache mlangoni. Kila unapohamisha unapoteza kitu, na unachokipoteza kwanza ni kile kilichoonekana hakina maana: kwamba pangaboi lilikuwa linazunguka, kwamba testi tyubu ya nne ilikuwa na ufa. Daftari lenyewe ndilo rafu. Likiwa na doa la iodini, sawa.

*Saa.* Andika kwa mfumo wa saa 24. Sisi tuna matatizo yetu hapa: "saa tatu" kwako ni asubuhi, kwa simu yako ni 09:00, na kwa anayesoma Kiingereza ni usiku wa manane au alasiri. Ukiandika 09:00 hakuna ubishi.

*Joto.* Miongozo mingi iliandikwa nchi za baridi, ambako "joto la chumba" ni nyuzi 20 hadi 25. Chumba chetu mwezi wa pili kinaweza kusoma 31. Kwa kimeng'enya (enzaimu) tofauti hiyo si ndogo: kwa kawaida kasi ya kazi yake inakaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10, hadi pale joto linapozidi na kukiharibu. Kwa hiyo mate yako yakiumeng'enya wanga haraka kuliko mwongozo unavyosema, huenda hujakosea popote. Soma kipimajoto mwanzoni na mwishoni, andika zote mbili.

*Vifaa.* Mizani ipi? Zikiwa mbili, zina namba. Kama hazina, "mizani ya dirishani". Inasoma hadi wapi, gramu 0.1 au 0.01? Namba inayochezacheza bila kutulia mara nyingi inatokana na pangaboi lililo juu yake, kwa hiyo lizime, subiri, pima, na uandike kwamba ulilizima. Kemikali: nakili lebo ya chupa kama ilivyo, pamoja na ukolezi na tarehe iliyofunguliwa kama ipo. Na maji, tafadhali: ya bomba, ya kisima, ya chupa ya dukani, au yaliyokenekwa.

*Namba.* Kila namba na kipimo chake. Kama mizani ilionyesha 2.40, andika 2.40. Ukiandika 2.4 umetupa taarifa, maana sifuri ile inasema mizani iliangalia mpaka pale na ikakuta sifuri.

*Makosa.* Kata kwa mstari mmoja ulionyooka, ili kilichokatwa kisomeke. Andika sahihi kando, weka herufi za jina lako, na sababu kwa maneno mawili: "nilisoma vibaya", "kipande kingine". Usifute, usichane, usipake kitu juu. Nimewahi kuona namba iliyokatwa ikawa ndiyo sahihi, na mwanafunzi akaokolewa na mstari wake mwembamba.

*Umeme.* Ukikatika, andika saa ulipokatika na saa uliporudi. Bafu la maji lililowekwa nyuzi 37 halibaki 37 umeme ukiondoka.

Ukurasa wa zoezi la viazi, ukiandikwa hivyo, unaonekana hivi:

> Uk. 34. Jumanne 12/03/2024. Osmosisi kwenye kiazi mbatata
>
> 09:05 Joto la chumba 30.5 °C (kipimajoto cha ukutani).
>
> 09:12 Mizani ya dirishani, inasoma hadi 0.01 g. Pangaboi limezimwa.
>
> 09:20 Vipande 15, upana 8 mm, urefu 45 mm. Viazi viwili: kiazi A kimetoa vipande 1–9, kiazi B vipande 10–15. Maganda yameondolewa yote.
>
> 09:41 Vyote vimeingia kwenye myeyusho. Maji yote ni MK, kutoka dumu moja.
>
> 10:17 Umeme umekatika. 10:25 umerudi.
>
> 11:41 Vimetolewa (dakika 120). Vimekaushwa juujuu kwa tishu, kila upande mara moja.
>
> 11:50 Kipande 7 kimeanguka sakafuni. Kimefutwa, kimepimwa, kimewekewa nyota kwenye jedwali.
>
> 11:58 Joto la chumba 31.0 °C.

Kisha jedwali. Hapa naweka wastani wa vipande vitatu kwa kila ukolezi, lakini daftarini vipande vyote 15 lazima vionekane kimoja kimoja:

| Ukolezi wa sukari (mol/L) | Uzito mwanzo (g) | Uzito mwisho (g) | Badiliko (%) |
|---|---|---|---|
| 0.0 | 2.41 | 2.63 | +9.1 |
| 0.2 | 2.36 | 2.45 | +3.8 |
| 0.4 | 2.44 | 2.33 | −4.5 |
| 0.6 | 2.38 | 2.11 | −11.3 |
| 0.8 | 2.40 | 2.04 | −15.0 |

Onyesha hesabu moja kwa ukamilifu, nyingine zifuate: (2.63 − 2.41) ÷ 2.41 × 100 = +9.1. Tunatumia asilimia kwa sababu vipande havikuanza na uzito sawa. Ukichora grafu, mstari unakata sifuri karibu na 0.29, na hapo ndipo ukolezi wa nje umelingana na wa ndani ya kiazi, maji hayaongezeki wala hayapungui. Grafu ichore kwenye karatasi ya grafu, ibandike kwa gundi pembe zote nne, kisha weka sahihi inayovuka kutoka kwenye grafu kwenda kwenye ukurasa. Ikibanduka itajulikana.

Umeona ule mstari wa kiazi A na B? Mwanafunzi aliyeandika vile akikuta vipande 10 hadi 15 vimekwenda kivyao, ana pa kuanzia kutafuta sababu.

Hatua ya 4: Tenga ulichokiona na unachokidhani

"Wanga upo" si jambo uliloliona. Uliloliona ni tone la iodini lililokuwa la rangi ya chai likageuka buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi. Wanga ni tafsiri yako. Viandike vyote, ila kila kimoja mahali pake: safu moja ya kilichoonekana, nyingine ya maana yake.

Hapa ndipo ugomvi wangu wa lugha. Nimeona vijana wanakaa na testi tyubu ya Benedict mkononi, rangi inabadilika mbele ya macho yao, wao wanatafuta neno la Kiingereza. Wanapolipata, rangi imeshapita. Kipimo hicho cha sukari kinaanza buluu, kinapita kijani, manjano, rangi ya chungwa, hadi wekundu wa tofali, na kila kituo kinaeleza sukari ilikuwa nyingi kiasi gani. Kiswahili kina rangi za kutosha: maji ya kunde, hudhurungi, rangi ya kutu, zambarau, kijani cha majani ya mgomba machanga. Andika kwa neno lililokujia kwanza, hapohapo. Kutafsiri utatafsiri jioni, pembeni, ukiacha la kwanza lilivyo.

Epuka "hakuna kilichotokea". Andika "imebaki buluu, dakika 5, maji yanayochemka". Kubaki vilevile nako ni tokeo.

Hatua ya 5: Mchoro wa hadubini

Penseli HB iliyochongwa vizuri, mistari myembamba isiyokatika, hakuna kupaka kivuli. Chora unachokiona kwenye lenzi, si kile kilichoko kwenye kitabu. Ngozi nyembamba ya kitunguu haina kiwiti (kloroplasti) hata kimoja, lakini kila mwaka napokea seli za kitunguu zilizojaa viwiti vya kijani, kwa sababu mchoraji alikumbuka picha ya "seli ya mmea" aliyoisoma kidato cha pili. Na yale maduara yenye ukingo mnene mweusi uliong'aa? Ni mapovu ya hewa. Shusha kifuniko cha slaidi kwa kukiinamisha taratibu kutoka upande mmoja, yatapungua.

Seli tatu au nne zilizoshikana zinatosha, lakini ziwe kubwa, nusu ukurasa. Mistari ya majina ivutwe kwa rula, isikatizane, iishie kwenye kitu chenyewe. Chini andika kiumbe, sehemu, rangi iliyotumika, na ukuzaji wa hadubini: lenzi ya macho 10 mara lenzi ya chini 10 ni 100.

Ukuzaji wa hadubini si ukuzaji wa mchoro wako, na hapa darasa zima huteleza. Fanya hivi. Angalia lenzi ya macho, mara nyingi imeandikwa 10×/18. Hiyo 18 ni upana wa duara la lenzi ya macho kwa milimita; igawanye kwa lenzi ya chini: kwa lenzi ya 10, duara unaloliona lina upana wa milimita 1.8. Kama seli sita za kitunguu zimejipanga kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ina kama milimita 0.3. Ukiichora seli hiyo kwa urefu wa milimita 90, mchoro wako ni 90 ÷ 0.3 = mara 300. Hesabu hiyo iandike chini ya mchoro.

Hatua ya 6: Matokeo yakigoma

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba mwaka 1963, wanatengeneza aiskrimu. Aliwahi nafasi kwenye friza, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Miaka kadhaa baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha hapa Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka tena. Osborne alirudi Dar, akampa fundi wake wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yaliganda kwanza kweli, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Osborne mwenyewe ndiye aliyeisimulia, mwaka 1969, kwenye makala waliyoandika yeye na Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana jambo hilo hutokea lini na kwa nini, lakini wanabishana kwa jina la Mpemba.

Yule fundi simcheki, kwa sababu mwenzangu na ile 4 yake walikuwa njia moja. Kipimo kikikataa, kiache kilivyo. Kirudie kama muda upo, na vyote viwili vibaki daftarini. Andika dhana zako za sababu, ukizitaja kwa majina: joto, kifaa, maji, mikono. "Makosa ya kibinadamu" siipi hata nusu alama. Binadamu yupi, kosa gani?

Hatua ya 7: Kundi, simu na kudesa

Hadubini moja, wanafunzi sita: hali ndiyo hiyo. Mara nyingi kundi linamteua katibu, wengine wanadesa kwake jioni. Katibu akikosea desimali, wote sita wanakosea sawasawa, na hapo mwalimu anajua bila kuuliza. Gawaneni kusoma vipimo kwa zamu, anayesoma aseme kwa sauti, na kila mmoja aandike palepale kwenye daftari lake. Mkichukua namba za meza nyingine, semeni: "0.6 kutoka meza ya 4, 11:50, testi tyubu yetu ilivunjika." Kuazima si kosa. Kosa ni kuficha.

Picha za simu zinasaidia, lakini weka rula kando ya kitu kabla ya kupiga, na jina la faili liandike daftarini. WhatsApp inabana picha na kubadilisha jina lake, kwa hiyo omba picha halisi kwa aliyeipiga.

Hatua ya 8: Siku ya mikoko

Kozi nyingi zina siku moja ya kutoka, na kwa Dar mara nyingi ni pwani, Kunduchi au Kigamboni. Huko beba penseli tu, na daftari ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Mbali na tarehe na saa, andika hali ya bahari: maji yanajaa au yanakupwa, na ni bamvua (siku bahari inapojaa na kupwa sana) au maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo). Orodha ya kaa uliyoipata kwenye kupwa kwa bamvua huwezi kuilinganisha na ya maji mafu, kwa kuwa eneo lililokauka si lilelile. Majina ya miti uliyopewa na wenyeji, mkoko, mchu, mkandaa, yaandike kama ulivyoyasikia, na aliyekutajia ni nani: mvuvi, mwalimu, mwanafunzi mwenzako. La kisayansi liongezwe ukishahakikisha.

Hatua ya 9: Funga ukurasa siku hiyohiyo

Kabla hujalala, andika mistari mitano hadi kumi: matokeo yanajibu nini kwenye swali lako, yanalingana na nadharia tete au la, kitu gani kilikutia shaka, ungebadilisha nini ukirudia. Nadharia tete ikiwa imeshindwa, usirudi nyuma kuirekebisha ili ionekane ulijua.

Nafasi tupu zilizobaki piga mstari wa mshazari, ili kisiongezwe kitu baadaye. Ukikumbuka jambo kesho yake, liandike chini ya tarehe ya kesho, na kwenye ukurasa wa jana weka "tazama uk. 37". Jaza yaliyomo. Saini, tarehe, kisha kamtafute msimamizi naye asaini wakati bado anaikumbuka siku yenyewe. Wiki ya mwisho wa muhula atakuwa na madaftari themanini mezani na hamu ya kwenda nyumbani.

Piga picha kila ukurasa uliosainiwa na uzihifadhi nje ya simu. Daftari likijaa, ukurasa wa kwanza wa jipya andika "linaendelea kutoka daftari la 1, uk. 191", na lile la zamani usiligawe wala kuliuza kwa kilo mpaka matokeo ya mwaka yametoka na hakuna unachokatia rufaa.